Kutoka Kiwanda cha Rangi hadi Chembe ya Hamira: Jinsi Saratani ya Kibofu Ilivyosomwa Upya

Mwaka 1895, kwenye mkutano wa madaktari wapasuaji wa Ujerumani uliofanyika Berlin, Ludwig Rehn wa Frankfurt alisimama kueleza jambo ambalo wenye viwanda hawakuwa na hamu ya kulisikia. Alikuwa amewapokea wanaume kadhaa wanaokojoa damu, na kila alipowachunguza alikuta uvimbe ndani ya kibofu. Enzi hizo uvimbe wa namna hiyo ulikuwa nadra. Kupata wagonjwa zaidi ya mmoja kutoka kazi moja hakukuwa bahati mbaya tu. Wote walikuwa wakitengeneza fuksini, rangi nyekundu inayoelekea zambarau, na kwa miaka mingi walikuwa wakivuta mvuke wa anilini, malighafi ya rangi hiyo. Rehn akasema anilini ndiyo iliyowadhuru. Hakupatia sawasawa, lakini alikuwa amegusa mahali penyewe. (Mwaka uliofuata daktari huyohuyo alishona jeraha la moyo wa kijana aliyechomwa kisu, na kijana akapona. Ndiyo maana vitabu vya upasuaji humtaja kwa moyo kuliko kwa kibofu.)

Rangi za anilini zilikuwa bado changa. Mwaka 1856, London, kijana wa miaka 18 aitwaye William Perkin alijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, kutokana na kemikali za lami ya makaa ya mawe. Kwinini hakuipata. Alipata tope jeusi lililotoa rangi ya zambarau ya kupendeza, akaacha masomo na kufungua kiwanda. Wajerumani wakaichukua kazi hiyo na kuikuza kuliko Waingereza wenyewe, na haikupita muda kila maabara ya Ulaya ikawa na chupa za rangi mpya.

Mmoja wa waliozitumia alikuwa Walther Flemming, profesa wa anatomia mjini Kiel. Seli haina rangi. Ukiitazama kwa hadubini bila kuipaka kitu, huoni zaidi ya kivuli ndani ya kivuli. Flemming alichukua seli za viluwiluwi vya salamanda, ambazo ni kubwa kuliko zetu, akazitia rangi, akaona kwamba ndani ya kiini kuna kitu kinachoivuta rangi kwa nguvu huku sehemu nyingine zikibaki hafifu. Seli inapokaribia kugawanyika, kitu hicho hujikusanya kuwa nyuzi, nyuzi hupasuka kwa urefu, na kila nusu huenda upande wake. Mwaka 1879 alikiita kromatini.

Kwa hiyo tasnia iliyowapa wafanyakazi wa Frankfurt uvimbe wa kibofu ndiyo iliyowapa wanasayansi uwezo wa kuona kilichomo ndani ya kiini cha seli. Ilipita zaidi ya karne moja kabla ya mtu yeyote kuonyesha kwa ushahidi kwamba uvimbe wa Rehn na kromatini ya Flemming ni sehemu za habari moja. Ucheleweshaji huo una sababu zake. Nyingi hazikuwa uzembe.

Tuanze na kibofu chenyewe. Kibofu hakitengenezi mkojo, kinautunza. Figo huchuja damu usiku na mchana, na kemikali zilizopita mwilini hukaa kibofuni kwa saa kadhaa zikigusana na utando wa ndani, hadi mwenyewe atakapokwenda haja. Mwaka 1938 Wilhelm Hueper, mtaalamu wa patholojia aliyehamia Marekani kutoka Ujerumani, alionyesha kwa kutumia mbwa kwamba mkosaji mkubwa katika viwanda vya rangi ni nafthilamini ya aina ya beta. Hueper alikuwa ameajiriwa na kampuni ya kemikali, na matokeo hayo yalipochapishwa alikuwa ameshaachishwa kazi. Mwaka 1954, Uingereza, Robert Case na wenzake walifuatilia kumbukumbu za wafanyakazi wa rangi na vifo vyao, na hapo ubishi wa wenye viwanda ukaisha nguvu. Baadaye ikajulikana kwamba kemikali za jamii hiyohiyo zimo katika moshi wa sigara. Leo saratani ya kibofu huwapata watu zaidi ya laki tano kila mwaka duniani, wanaume wakiwa karibu robo tatu yao, na katika nchi kama Marekani karibu nusu ya wagonjwa wanaweza kuihusisha na tumbaku.

Sababu ya nje ilikuwa imejulikana, basi. Ila kemikali ikishaingia katika seli ya kibofu inaharibu nini hasa? Jibu la kwanza lilikuja mwaka 1982, na lilikuwa zuri mno kiasi kwamba, kwa maoni yangu, liliwafanya watu watazame upande mmoja kwa miaka 25 iliyofuata.

Maabara tatu za Marekani, ya Robert Weinberg, ya Mariano Barbacid na ya Michael Wigler, zilikuwa zikishindana. Walichukua DNA ya seli za saratani ya kibofu, wakaiingiza katika seli za panya zinazokuzwa kwenye sahani, wakaona seli hizo zikiacha utaratibu na kurundikana. Wakakata DNA vipande, vipande vidogo na vidogo zaidi, hadi wakabaki na jeni moja tu lenye uwezo huo: HRAS. Walipoilinganisha na HRAS ya mtu mwenye afya, tofauti ilikuwa herufi moja. Mahali palipopaswa kuwa na G palikuwa na T, na kwa sababu hiyo amino asidi ya 12 katika protini hiyo, glisini, ikawa valini. Herufi moja! Lilikuwa jeni la kwanza la binadamu kuthibitishwa hivyo kuwa chanzo cha saratani, na lilitoka kibofuni.

Kuna kichekesho kidogo katika ushindi huo. Seli zilizotumika zilikuwa za aina mbili, T24 iliyotokana na uvimbe wa mwanamke mmoja wa Uswidi, na EJ iliyodhaniwa kutoka kwa mgonjwa mwingine Marekani. Mwaka 1983 ilibainika kwamba hizo EJ zilikuwa T24 zilizochanganywa na kuandikwa jina lisilo lao. Maabara zilikuwa zikishindana kusoma uvimbe wa mtu mmoja. Ugunduzi haukuharibika kwa hilo, lakini ulitoa dokezo ambalo halikutiliwa maanani: uvimbe wa wagonjwa wengi wa kibofu hauna kasoro hiyo ya HRAS kabisa. HRAS, kama swichi iliyokwama ikiwa imewaka, ilikuwa habari ya wachache. Hata hivyo swichi ndizo zilizotafutwa, kwa sababu swichi unaweza kuitengenezea dawa ya kuizima, na kwa sababu mbinu ya kuziwinda ilikuwepo. Mwaka 1999 timu ya Ufaransa ikapata nyingine kibofuni, FGFR3, na hiyo kweli ilikuwa ya wengi, hasa wenye uvimbe usiozama kwenye msuli. Dawa ya kuizuia, erdafitinibu, iliidhinishwa Marekani mwaka 2019.

Wakati huohuo, watu wasiofikiria saratani hata kidogo walikuwa wakiisoma kromatini.

DNA ya seli moja ya binadamu ukiinyoosha hufika mita mbili hivi, na inakaa ndani ya kiini ambacho macho matupu hayakioni. Mwaka 1884 Albrecht Kossel, akitumia chembe nyekundu za damu ya bata bukini, ambazo tofauti na zetu zina kiini, alitenga protini iliyoshikamana na asidi ya kiini akaiita histoni. Kwa miaka 80 hivi histoni zilichukuliwa kuwa vifungashio tu. Mwaka 1964 Vincent Allfrey na wenzake, katika Taasisi ya Rockefeller, New York, waliona kwamba histoni zikibandikwa kikundi kidogo cha kemikali kiitwacho asetili, kazi ya kusoma jeni huongezeka. Wengi walilisoma jambo hilo wakapita. Mwaka 1974 Roger Kornberg, akiwa Cambridge, alieleza umbo lenyewe: histoni nane hukaa pamoja kama bobini ya cherehani, na uzi wa DNA huizunguka karibu mara mbili, kisha unakwenda kwenye bobini inayofuata. Kila bobini, ambayo wataalamu huiita nyukleosomu, hushika herufi 147 za DNA. Penye uzi uliobanwa, mitambo ya seli inayosoma jeni haiwezi kupenya. Seli ya kibofu na seli ya ubongo zina DNA ileile. Zinatofautiana kwa sababu kila moja imefungua mahali pake na kufunga pengine.

Nani basi hufungua? Jibu lilitoka kwenye hamira. Mwaka 1984 Marian Carlson, New York, alikuwa akitafuta chembe za hamira zilizoshindwa kula sukari ya miwa. Kila jeni aliloliona limevunjika katika chembe hizo alilipa jina la SNF na namba. San Francisco, Ira Herskowitz na wanafunzi wake walikuwa wakitafuta chembe za hamira zilizoshindwa kubadili jinsia, nazo hufanya hivyo mara kwa mara zikiwa nzima. Majeni yao waliyaita SWI. Makundi mawili, maswali mawili yasiyohusiana. Kisha ikaonekana kwamba SWI2 na SNF2 ni jeni lilelile. Ni vigumu kueleza jinsi jambo hilo lilivyokuwa la ajabu kwa wakati wake: chembe inayoshindwa kula sukari na chembe inayoshindwa kubadili jinsia zina ugonjwa mmoja. Maelezo pekee yaliyoingia akilini ni kwamba kilichoharibika si jeni la sukari wala la jinsia, bali kitu kinachotangulia yote mawili. Mwaka 1994 protini hizo zikasafishwa na kuonekana zikifanya kazi kama mashine moja kubwa, SWI/SNF, inayochoma ATP, nishati ya seli, ili kuulegeza uzi wa DNA kwenye nyukleosomu na kuzisogeza.

Nzi wa matunda nao walichangia. Tangu mwaka 1947 ilijulikana kasoro iitwayo Polycomb, ambayo nzi dume mwenye nayo huota vichana kwenye miguu ya nyuma wakati vinatakiwa kuwa kwenye miguu ya mbele peke yake. Miongo mingi baadaye ikaeleweka kwamba protini za kundi la Polycomb hufunga sehemu za kromatini zisisomwe, na kwamba lipo kundi pinzani linaloziweka wazi. Mmoja wa wapinzani hao wa Polycomb alipochunguzwa alifanana sana na SWI2 ya hamira. Mguu wa nzi, sukari ya hamira: mashine ni moja, na iko mwilini mwetu pia.

Kipande kilichobaki ni cha zile asetili za Allfrey. Mwaka 1996 David Allis, kwa kutumia kiumbe wa bwawani mwenye seli moja aitwaye Tetrahymena, alikamata kimeng'enya kinachobandika asetili kwenye histoni. Kilifanana na protini ya hamira ambayo tayari ilijulikana kwamba huwasha majeni. Kuanzia hapo hapakuwa na mtu wa kuziita histoni vifungashio tu. Ndani ya miaka michache zikaorodheshwa protini za kila namna: zinazobandika asetili na zinazoibandua, zinazobandika alama nyingine iitwayo methili na zinazoifuta, na zinazosukuma bobini zenyewe.

Saratani iliingia katika habari hii kupitia watoto. Mwaka 1998 timu ya Olivier Delattre katika Taasisi ya Curie, Paris, ilichunguza uvimbe wa rabdoidi, ugonjwa mkali unaowapata watoto wadogo, ikakuta kwamba jeni linalopotea ni SNF5, sehemu ya mashine ya SWI/SNF. Hapa hapakuwa na swichi iliyokwama. Kilichokosekana ni mfunguaji. Lakini uvimbe huo ni nadra sana, na madaktari wa watu wazima waliweza kuuona kama ajabu ya pembeni.

Shenzhen, China, ndiko ajabu ya pembeni ilipohamia katikati. Kufikia mwaka 2011 mashine za kusoma DNA zilikuwa zimeshuka bei kwa kasi, na taasisi ya BGI ya mji huo ilikuwa na nyingi. Yaoting Gui na wenzake walichukua uvimbe wa kibofu wa wagonjwa tisa, wakasoma sehemu zote za DNA zinazotoa protini, majeni 20,000 hivi, na kulinganisha na tishu nzima ya mgonjwa huyohuyo. Hatua hiyo ya kulinganisha ndiyo roho ya kazi: kila binadamu ana tofauti zake za kuzaliwa nazo, na bila kuzitoa huwezi kujua ipi ni ya uvimbe. Majeni yaliyoonekana kuharibika wakayatafuta tena kwa wagonjwa wengine 88. Jumla, watu 97.

Orodha waliyoitoa haikuwa ya swichi. Kulikuwa na UTX, inayofuta alama ya methili ya kufunga. Kulikuwa na MLL na MLL3, zinazobandika alama ya methili ya kufungua. Kulikuwa na CREBBP na EP300, zinazobandika asetili, na ARID1A, sehemu ya SWI/SNF yetu, mrithi wa hamira ya Carlson na Herskowitz. NCOR1 na CHD6 zilikuwemo pia. Ukiyajumlisha majeni haya ya kromatini, asilimia 59 ya wagonjwa walikuwa na kasoro katika angalau mojawapo. Na UTX ilikuwa imevunjika zaidi katika uvimbe wa hatua za mwanzo na wa daraja la chini, yaani uvimbe ambao haujawa mkali. Dokezo hilo la mwisho lilipita kimyakimya. Tutalirudia.

Kilichonivutia mimi katika orodha hiyo ni jinsi kasoro zenyewe zilivyo. Kasoro za HRAS hutokea mahali pachache, tena na tena palepale, kwa sababu ni hapo tu ambapo mabadiliko huifanya swichi ikwame. Kasoro nyingi za UTX na ARID1A zimetawanyika ovyo: hapa protini imekatwa katikati, pale herufi imedondoka na maneno yote yanayofuata yamevurugika. Hazifanani na kitu kilichorekebishwa ili kifanye kazi mpya. Zinafanana na kitu kilichovunjwa, na namna za kuvunja ni nyingi. Ndiyo maana mbinu za mwaka 1982 zisingeweza kuziona. Ukiingiza jeni lililovunjika katika seli nzima, hakuna kinachotokea, maana seli ina lake zima.

Wamarekani wakafuata kwa mradi wao mkubwa wa Atlasi ya Jenomu ya Saratani. Mwaka 2014 walitoa usomaji wa uvimbe 131 uliokwisha kuingia kwenye msuli wa kibofu, na mwaka 2017 wakafikisha 412. MLL2, ambayo siku hizi huitwa KMT2D, UTX, ambayo siku hizi huitwa KDM6A, na ARID1A, kila moja ilikuwa imeharibika katika karibu robo ya wagonjwa. Waandishi walisema wazi kwamba hakuna saratani nyingine ya kawaida iliyochunguzwa hadi wakati huo iliyokuwa na kasoro nyingi kiasi hicho katika majeni ya kromatini. TP53, jeni mashuhuri la saratani nyingi, lilikuwa limeharibika kwa karibu nusu yao, kama ilivyotarajiwa. Kromatini ndiyo iliyoshangaza.

Kwa nini kibofu? Sehemu ya jibu ni UTX, na inahusu pia swali ambalo madaktari walikuwa wamelizoea hadi wakaacha kuliuliza: mbona wanaume huugua mara tatu au nne zaidi ya wanawake? Sigara na viwanda vilitajwa kila mara, na ni kweli vinachangia, lakini hata ukitoa hesabu ya sigara tofauti haiishi. UTX iko kwenye kromosomu X. Mwanamke ana X mbili, na moja hunyamazishwa katika kila seli, ila UTX ni miongoni mwa majeni machache yanayokwepa kunyamazishwa, hivyo mwanamke anatumia nakala zote mbili. Mwanamume ana moja, pamoja na binamu yake dhaifu, UTY, kwenye kromosomu Y. Mwaka 2018 Satoshi Kaneko na Xue Li wa Boston walichapisha majaribio ya panya waliotengenezwa ili kromosomu zao na viungo vyao vya uzazi visifuatane, yaani wapo wenye XX na korodani, wapo wenye XY na ovari. Kwa njia hiyo waliweza kutenga kazi ya homoni na kazi ya kromosomu. X ya pili ilikinga, hata bila homoni za kike, na UTX ikiondolewa kwa panya jike kinga hiyo hupungua. Mwaka mmoja kabla, kikundi cha Margaret Knowles cha Leeds kilikuwa kimeonyesha kwamba katika uvimbe usioingia msulini UTX imeharibika kwa takriban nusu ya wagonjwa, na kwa wanawake zaidi ya wanaume. Hilo linakubaliana na hayo ya Boston: kibofu cha mwanamke kina kizuizi cha ziada, kwa hiyo uvimbe unaofanikiwa kuota humo mara nyingi ni ule uliokwisha kukivunja.

Msomaji wa Pemba, Unguja au bonde la Mto Tana atauliza habari za kichocho, na ana haki. Theodor Bilharz aliwaona minyoo wenyewe Cairo mwaka 1851. Mwaka 1911 Alexander Ferguson, Cairo vilevile, aliandika kuhusu uhusiano wao na saratani ya kibofu, na mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani likamweka mnyoo wa kichocho cha mkojo katika kundi la kwanza la visababishi. Mayai hukwama kwenye ukuta wa kibofu, ukuta unabaki na uvimbe wa kudumu wa kujihami, na saratani inayotokea mara nyingi ni ya seli bapa, si ile ya utando wa kawaida wa kibofu iliyosomwa Shenzhen na Marekani. Misri ni mfano mzuri: kichocho kilipopungua kwa dawa ya prazikuanteli, saratani ya seli bapa ilishuka na ile ya wavuta sigara ikachukua nafasi. Kwa hiyo takwimu nilizozitaja hapo juu ni za saratani ya sigara na viwanda. Kumbandika nazo mgonjwa wa kichocho moja kwa moja ni kumkosea.

Dawa je? Mantiki ni rahisi kuieleza. UTX hufuta alama ya kufunga, na EZH2, protini ya ukoo wa Polycomb ya nzi, huiandika. Mfutaji akipotea, mwandishi hutawala peke yake, basi mzuie mwandishi. Mwaka 2017 kikundi cha Singapore kilionyesha katika seli na panya kwamba uvimbe wa kibofu usio na UTX huathirika zaidi unapozuiwa EZH2. Dawa ya aina hiyo, tazemetostati, iliidhinishwa Marekani mwaka 2020, lakini kwa sarkoma nadra iliyopoteza SNF5, si kwa kibofu. Jaribio jingine lilitumia mosetinostati, inayozuia kubanduliwa kwa asetili, kwa wagonjwa wa kibofu waliopoteza CREBBP au EP300. Kwenye karatasi lilipendeza. Kwa wagonjwa matokeo yalikuwa hafifu, likaishia hatua ya kwanza. Kuzima swichi ni kazi nyepesi kuliko kurudisha kilichovunjika, na sioni aibu yoyote katika matokeo hayo. Aibu ingekuwa kuyaficha.

Mwaka 2020 ukaja ugunduzi uliolipindua swali lenyewe. Andrew Lawson na wenzake wa Taasisi ya Sanger, karibu na Cambridge, walichukua vibofu vya watu 20, wengi wao wafadhili wa viungo waliofariki bila saratani ya kibofu. Kwa miali ya leza walikata vipande vidogo vya utando wa ndani, zaidi ya 2,000, wakasoma DNA ya kila kimoja. Utando ulionekana mzima kwa hadubini, hauna uvimbe wala dalili. Ndani yake wakakuta mabaka, kila baka likiwa ni watoto wa seli moja, na mengi yamebeba kasoro katika KMT2D, UTX na ARID1A, majeni yaleyale ya kromatini. Kasoro za TP53 na FGFR3, zilizojaa katika uvimbe, zilikuwa haba humo. Katika jarida la Science, lililochapisha kazi hiyo, timu ya Beijing iliripoti mabaka makubwa katika utando uliokuwa na sura nzima wa wagonjwa wa saratani.

Ile habari ya mwaka 2011, kwamba UTX huvunjika zaidi katika uvimbe usio mkali, sasa ilipata mahali pake. Kuvunjika kwa wafunguaji wa kromatini ni jambo la mwanzoni. Huipa seli nafasi ya kutanda kuliko jirani zake, pengine miaka mingi kabla ya ugonjwa, na mabaka mengi hayafiki popote. Saratani huhitaji kasoro nyingine juu ya hiyo. Yeyote atakayetaka kupima mkojo wa watu wenye afya ili kutafuta UTX iliyovunjika ajue kwamba ataipata kwa watu wasio na uvimbe wowote.

Mabaka hayo yanaeleza pia jambo ambalo kila daktari wa mfumo wa mkojo analijua kwa uchovu. Uvimbe wa juujuu hukwanguliwa vizuri kupitia njia ya mkojo, mgonjwa anarudi nyumbani, kisha mwingine unaota upande wa pili wa kibofu. Daktari amekwangua uvimbe. Hajakwangua baka lililouzaa, kwa sababu halionekani. Tiba inayosaidia zaidi wenye hatari kubwa ilianzishwa na Alvaro Morales nchini Kanada mwaka 1976, bila kujua lolote kuhusu UTX: chanjo ya kifua kikuu, BCG ileile inayoacha kovu kwenye mkono wa mtoto, humiminwa kibofuni kwa mpira mara moja kwa wiki kwa wiki sita, ili kinga ya mwili iamke na kuushambulia utando. Na miezi mitatu baada ya kukwanguliwa, mgonjwa hulala tena mezani ili kamera iingizwe kibofuni, kisha hurudi kila baada ya miezi kadhaa kwa miaka.